Tunaiuliza Wuhan, nani ataiuliza Dar es Salaam?

Tarehe 21 Septemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ambayo, kwa desturi ya upole ya chombo hicho, ilikuwa kali. Lilisema limepata habari zisizo rasmi za mtu aliyefariki dunia jijini Dar es Salaam akishukiwa kuwa na Ebola, kwamba liliomba maelezo ya kitabibu, matokeo ya vipimo na sampuli ili zipimwe upya na maabara nyingine, na kwamba halikupewa. Serikali yetu ilijibu kuwa nchini hakuna Ebola, na mwakilishi wa shirika hilo akaitwa ajieleze. Mlipuko haukutokea, watu wakasahau, na huenda serikali ilikuwa ikisema kweli tupu. Siku 101 baadaye, tarehe 31 Desemba, mamlaka za afya za mji wa Wuhan zilitangaza kwamba zina wagonjwa wa nimonia ambayo chanzo chake hakijulikani.

Mimi hulikumbuka tukio hilo kila mjadala wa chimbuko la UVIKO-19 unapofufuka, nao hufufuka mara nyingi. Kwenye kijiwe cha kahawa ninapokaa jioni, Magomeni, wapo wanaoshikilia kuwa kirusi kilitoka kwa popo kikapitia wanyama wa sokoni, wapo wanaoapa kuwa kilivuja maabara, na yupo mzee mmoja ambaye tangu mwaka 2020 hajabadili kauli yake kwamba ule ulikuwa mradi wa kupunguza watu. Huyo tumeshaacha kubishana naye, maana kahawa hupoa. Wanachokubaliana wote ni kwamba China ilificha, na kutoka hapo kila mmoja hurukia hitimisho lake: walificha, kwa hiyo walikuwa na cha kuficha, na cha kuficha ni kile anachokiamini yeye.

Mruko huo ndio ninaoupinga. Usiri wa serikali hautuambii ni kitu gani kimefichwa, na watu wa Dar es Salaam tulipaswa kulijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa tuliishi mwaka mzima chini ya usiri wa aina hiyohiyo bila kuwa na maabara ya kuvujisha wala soko la wanyama pori la kufunga.

Tuanze na kinachojulikana. Wagonjwa wa mwanzo waliotambuliwa Desemba 2019 walikuwa wakiishi kulizunguka soko la Huanan mjini Wuhan, hata wale ambao hawakuwa na uhusiano wowote unaojulikana na soko hilo. Utafiti ulioongozwa na Michael Worobey, uliochapishwa katika jarida la Science Julai 2022, uliyaweka kwenye ramani makazi ya wagonjwa 155 na kuonesha hivyo. Ndani ya soko lenyewe, sampuli zilizofutwa sakafuni, kwenye vizimba na kwenye mikokoteni zilikuwa na kirusi zaidi upande wa kusini-magharibi, kulikouzwa wanyama hai, na katika baadhi ya sampuli hizo vilikutwa vinasaba vya mbwa-rakuni, mnyama anayeambukizika kirahisi. Kasoro ya ushahidi huu nayo si ndogo. Hakuna mnyama hata mmoja wa soko hilo aliyepimwa akakutwa na kirusi, kwa kuwa soko lilifungwa tarehe 1 Januari 2020 na wanyama wa aina hiyo walikuwa wamekwisha kuondolewa wapimaji walipofika.

Upande wa maabara nao una hoja zisizostahili kubezwa. Mji ulipoanzia ugonjwa ndiko iliko Taasisi ya Virusi ya Wuhan, ambako mtafiti Shi Zhengli na wenzake walikuwa wakikusanya virusi vya korona vya popo kwa miaka mingi. Kimojawapo, RaTG13, kilichotoka kwenye mgodi wa Mojiang mkoani Yunnan, kinafanana na kirusi cha UVIKO-19 kwa asilimia 96.2. (Tarakimu hiyo huwapotosha wengi. Tofauti ya karibu asilimia 4 ni miongo ya miaka ya mabadiliko ya kirusi, na popo wa Laos wamekutwa na kirusi kinachofanana zaidi kidogo ya hicho.) Tena mwaka 2018 shirika la EcoHealth Alliance la Marekani, pamoja na washirika wake wa Wuhan, liliomba fedha kwa wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani kwa ajili ya mradi uliogusia kupachika katika virusi vya popo kipande kinachofanana na kile ambacho baadaye kiliwashangaza wachunguzi wa UVIKO-19. Ombi lilikataliwa. Hata hivyo, utafiti mwingine wa Wuhan uligharimiwa kwa kodi za Wamarekani, na Mei 2024 serikali ya Marekani iliisimamishia EcoHealth ruzuku zote. Anayeidai Beijing nyaraka hana budi kuidai na Washington.

Majasusi hawajatusaidia sana. CIA ya Marekani ilisema Januari 2025 kwamba inaegemea maabara, lakini kwa kiwango cha chini cha uhakika, na haikuweka mezani ushahidi wowote ambao raia wa kawaida angeweza kuupima. Miezi mitano baadaye, Juni 2025, jopo la wataalamu la Shirika la Afya Duniani likiongozwa na Profesa Marietjie Venter wa Afrika Kusini lilisema uzito wa ushahidi uliopo unaelekea kwenye maambukizi kutoka kwa wanyama, ama kwa popo moja kwa moja ama kupitia mnyama wa kati. Jopo halikuweza kuiondoa nadharia ya maabara, na sababu lililoitoa ndiyo kiini cha makala haya: China haikutoa ilichoombwa, yaani mifuatano ya vinasaba vya virusi kutoka kwa mamia ya wagonjwa wa mwanzo, maelezo ya kina ya wanyama waliouzwa masokoni, na taarifa za kazi na usalama wa maabara za Wuhan. Mimi naona hoja ya soko ina nguvu zaidi, na niko tayari kuumbuka siku mafaili yatakapofunguliwa.

Sasa turudi kwenye usiri. Aprili 1979 watu wasiopungua 66 walikufa kwa kimeta katika mji wa Sverdlovsk, uliokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Serikali ilisema walikula nyama ya mifugo iliyougua, na hadithi hiyo ilidumu kwa miaka 13, mpaka Rais Boris Yeltsin wa Urusi alipokiri mwaka 1992 kwamba jeshi lilihusika. Wachunguzi walioongozwa na Matthew Meselson wakaja kuonesha kwamba waliokufa walikuwa wamekaa au kufanya kazi kwenye mstari mmoja, upande ambao upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwenye kituo cha kijeshi. Hapo usiri ulificha maabara. Lakini mwaka 2003 China ilificha ukubwa wa ugonjwa wa SARS uliokuwa umeanza Guangdong Novemba iliyotangulia, mpaka daktari wa jeshi aliyestaafu, Jiang Yanyong, alipofichua kwamba hospitali za Beijing zina wagonjwa wengi kuliko waliotangazwa, na waziri wa afya pamoja na meya wa Beijing wakaondolewa madarakani. Ugonjwa huo ulikuwa umetoka kwa ngawa waliouzwa sokoni, na nyuma yao popo. Hapo usiri ulificha soko. Serikali zote mbili zilitenda jambo lilelile juu ya siri mbili zisizofanana hata kidogo.

Wuhan ya Januari 2020 ilionesha dalili zote za tabia hiyo. Daktari wa macho Li Wenliang aliwatahadharisha wenzake tarehe 30 Desemba, na tarehe 3 Januari polisi wakamsainisha karatasi ya onyo. Alikufa kwa ugonjwa huohuo tarehe 7 Februari. Katikati ya Januari, mabaraza ya jimbo la Hubei yalipokuwa kwenye vikao vyao vya mwaka, idadi ya wagonjwa iliyotangazwa Wuhan ilikaa kwenye 41 kwa siku kadhaa bila kupanda, kana kwamba kirusi nacho kilikuwa kikihudhuria vikao. Mambo haya hayahitaji kuvuja kwa maabara ili yaeleweke. Ofisa wa chini anaogopa kupeleka habari mbaya juu, wa juu hataki kuzipokea wakati wa shughuli kubwa, na katikati yao wiki tatu zinapotea. Hizo wiki tatu zina wenyewe wa kuzijibia, hata kama kirusi kilitoka pangoni kikapitia sokoni kikamwingia muuza nyama bila mtu yeyote kukusudia.

Nasi je? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa siku iliyofuata, na kwa wiki sita tulikuwa nchi inayotangaza wagonjwa na vifo kama nyingine. Mwanzoni mwa Mei hesabu iliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, akizungumza Chato, alisema sampuli za papai, mbuzi na kware zilizopelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu zilirudi na majibu kwamba zina korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi, na siku chache baadaye John Nkengasong, aliyekuwa akiongoza kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, akakanusha kwamba vipimo vilivyosambazwa vina hitilafu. Juni tuliambiwa ugonjwa umekwisha kwa nguvu ya maombi.

Nataka kumtendea haki marehemu Magufuli. Swali lake kuhusu vipimo lilikuwa halali, na kuijaribu maabara bila kuitaarifu ni njia nzuri ya kujua ubora wake. Kinachofuata baada ya jaribio la namna hiyo, mahali wanapotaka jibu, ni kukagua maabara, kusema kosa liko wapi, na kuendelea kuhesabu kwa kipimo kilichorekebishwa. Sisi tuliacha kuhesabu. Vivyo hivyo, uamuzi wa kutoufunga mji unaweza kutetewa na mtu mwenye akili timamu. Mama lishe wa Buguruni na machinga wa Kariakoo hula jioni walichokipata mchana, na serikali isiyokuwa na uwezo wa kuwapelekea unga majumbani ilikuwa na sababu ya kusita kuwafungia ndani. Lakini kutofungia watu hakulazimishi kuficha wanaokufa. Sweden nayo haikufunga kama majirani zake. Ilihesabu maiti zake, ikaunda tume, na Februari 2022 tume ikatoa ripoti ya mwisho inayoilaumu serikali.

Hapa kwetu hata lugha ilibadilika. Hakuna aliyekuwa akifa kwa korona. Watu walikuwa na "changamoto ya upumuaji". Tulijifukiza, tukapandisha bei ya tangawizi na malimau, tukajifunza kusoma matangazo ya vifo kwa kuangalia maneno yasiyosemwa. Tarehe 17 Februari 2021 walifariki siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba ana korona, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Mwanzoni mwa Machi katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padri Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili kanisa lilikuwa limepoteza mapadri zaidi ya 25 na watawa wa kike 60 waliokuwa na matatizo ya kupumua. Kanisa lilikuwa likihesabu watu wake wakati dola lenye wizara, wilaya na watendaji wa kata halihesabu wake. Mwezi uleule wa Februari tulimzika jirani yangu wa Tabata, fundi wa majokofu mwenye umri wa miaka 52. Cheti chake cha kifo kimeandikwa nimonia, na daktari aliyekiandika hakumtazama mjane usoni alipomkabidhi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimzungumzia mtu mmoja mwenye maradhi yake mwilini. Maradhi yakifichwa na serikali, anayekufa kwa kawaida si yule aliyeficha, na kwa hiyo hata kuumbuka hakupo.

Kulikuwa na sheria ya kuulinda ukimya huo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika, na mwezi huohuo televisheni ya mtandaoni ya Kwanza ilifungiwa miezi 11 baada ya kusambaza tahadhari ya kiafya ya Ubalozi wa Marekani. Msomaji aweke kanuni hiyo kando ya karatasi aliyosainishwa Daktari Li, kisha aniambie tofauti yake ni nini zaidi ya lugha. Nilisema hatukuwa na maabara ya kuvujisha. Tulichokuwa nacho ni kauli iliyokwisha kutolewa juu, uchaguzi mkuu wa Oktoba, watalii waliokuwa wakisubiriwa, na watumishi waliojua kilichompata mkuu wa maabara. Hayo yalitosha kuifanya nchi isihesabu. Kwa nini basi tusadiki kwamba China isingeweza kunyamaza kwa sababu za kawaida kama hizo?

Ni kweli pia kwamba dunia haiwapi wakweli thawabu. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walikitambua kirusi cha Omicron na kukitangaza haraka bila kuficha chochote; ndani ya siku chache Uingereza, Marekani na nchi za Ulaya zilikuwa zimezuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Waziri yeyote wa afya aliyeona hayo alijifunza kitu, na hakujifunza kusema ukweli mapema. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka serikali itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa, lakini hazina adhabu kwa anayekaa kimya wala fidia kwa anayesema. Mkataba wa majanga uliopitishwa Geneva Mei 2025, kwa kura 124 bila ya kupingwa, haukumpa mtu yeyote mamlaka ya kuingia kwenye maabara ya nchi nyingine bila kukaribishwa. Wanaodhani kwamba kuna siku wachunguzi watavunja mlango wa Wuhan wanasubiri jambo ambalo hakuna serikali, ikiwamo yetu, iliyowahi kulipigia kura.

Ndiyo maana naona uwajibikaji unaowezekana ni ule wa nyumbani. Uingereza ina uchunguzi wake wa wazi chini ya Heather Hallett, jaji mstaafu, ambako mawaziri wakuu wa zamani waliulizwa maswali kwa kiapo na ujumbe wao wa simu kusomwa mbele ya wafiwa. Sisi tunayo Sheria ya Tume za Uchunguzi ambayo Rais anaweza kuitumia wakati wowote. Rais Samia Suluhu Hassan, tukiri, aligeuza usukani: aliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Said Aboud, akachanjwa hadharani Ikulu tarehe 28 Julai 2021, na takwimu zikarudi. Kamati ile ilielekezwa kutuambia twende vipi mbele. Haikuulizwa nani aliamuru hesabu ikome, kwa maandishi au kwa simu.

Kuhusu fedha tumekuwa wakali zaidi. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Septemba 2021, karibu shilingi trilioni 1.3, ulijenga madarasa 15,000 ambayo hadi leo watoto huyaita madarasa ya UVIKO, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alifuatilia jinsi fedha hizo zilivyotumika. Kila bati lina risiti. Fundi majokofu wa Tabata hana hata mstari kwenye jedwali.

Tunao uwezo wa kufanya vizuri zaidi, kwa kuwa tumeshafanya. Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipoanza kuugua homa na kutokwa na damu puani, wataalamu walikwenda, wakapima, na ndani ya siku chache wizara ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama: wagonjwa 20, vifo 3. Hilo nalo lilikuwa swali la chimbuko, na lilijibiwa bila mtu kusimamishwa kazi. Lakini Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliposema tarehe 14 kwamba Kagera kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg, wizara ilikanusha. Tarehe 20 Rais mwenyewe, akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros Ghebreyesus, akathibitisha. Waliougua wakaja kuhesabiwa 10, na wote walikufa. Siku sita si mwaka mmoja, na mwenye kutaka kusifu maendeleo anaweza kuanzia hapo. Mimi hubaki nikijiuliza nani Biharamulo alimhudumia mgonjwa ndani ya siku hizo bila glavu, kwa kuwa alikuwa amesikia redioni kwamba hakuna kitu.

Juzi kijiweni niliwapa tarakimu moja. Tarehe 17 Aprili 2020 Wuhan ilirudi kwenye madaftari yake, ikasema ilikuwa imekosea, na kuongeza vifo 1,290 juu ya 2,579 vilivyokwisha kutangazwa, hata jumla ikawa 3,869. Wengi wanaamini hesabu hiyo bado ni pungufu, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini ilirudi, nayo ni serikali ileile ambayo sote pale tulikuwa tukiituhumu kwa usiri. Wiki chache baadaye sisi tuliishia kwenye vifo vyetu 21, na hakuna tangazo lililowahi kurudi nyuma kujaza miezi iliyofuata. Yule mzee wa mradi wa kupunguza watu aliuliza kama makaburi ya Kinondoni huwa yana daftari. Muuza kahawa akamjibu kwamba yanalo, kaka yake ndiye aliyekuwa akiandika.